Mwongozo kamili: kupima kelele ya joto ya rezista nyumbani Mwanza, bila kupima umeme wa ukutani

Rezista iliyolala mezani, haijaunganishwa na betri wala chochote, ina volti kwenye miguu yake. Ni ndogo mno, hupanda na kushuka bila mpangilio, na inatokana na elektroni kuhangaishwa na joto. Hiyo ndiyo kelele ya joto. Fomula yake ni fupi:

V² = 4kTRB

V ni volti za RMS (kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili vya volti), T ni joto kwa kelvini, R ni ukinzani kwa omu, B ni upana wa bendi unayopima kwa hertz, na k ni konstanti ya Boltzmann, 1.380649 × 10⁻²³. Kwa rezista ya kiloomu 100, kwenye joto la nyuzi 27 (kelvini 300) na bendi ya hertz 4,000, jibu ni takriban mikrovolti 2.6. Hilo ndilo windo letu.

Wanaojaribu wengi hurudi na habari ileile: "Nimepata, inavuma vuuu!" Inayovuma si rezista. Ni hertz 50 za nyaya za ukutani. Kelele ya joto haivumi. Hutoa shhh iliyo sawa kwenye masafa yote. Wengine hufika kwenye shhh yenyewe, lakini wakikokotoa k wanapata kubwa mara nne ya inayotakiwa. Hao nao wana kosa lao mahususi, na tutalifikia.

Mwongozo huu unadhani unajua kulehemu na kusoma michoro midogo ya sakiti.

## Vifaa

Vya sakiti:

- Aisi ya TL072 moja, na soketi yake ya miguu 8. Ipo kwenye mikisa na amplifaya nyingi za muziki zilizokufa, kwa hiyo muulize fundi wako kabla ya kununua mpya.
- Rezista za filamu ya metali: kiloomu 1 (tatu), kiloomu 10 (mbili), kiloomu 47, kiloomu 100 (tatu), kiloomu 220, megaomu 1, na omu 100.
- Kapasita: mikrofaradi 10 za elektroliti (mbili), mikrofaradi 1 ya poliesta (moja), nanofaradi 100 (mbili), mikrofaradi 100 (mbili).
- Betri mbili za volti 9, mpya, na vichwa vyake.
- Kipande cha veroboadi.

Vya nje ya sakiti:

- Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. La maziwa ya unga linafaa sana. La plastiki halifai hata likiwa zuri namna gani.
- Kebo ya maikrofoni yenye wavu, nusu mita, na jeki ya milimita 3.5.
- Laptopu yenye chaji ya kutosha na tundu la kurekodi sauti, pamoja na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure.
- Simu yenye programu ya kutoa toni safi.
- Mita inayosoma volti za AC ndogo, yaani yenye skeli ya volti 2 au chini yake.
- Barafu, sufuria, jiko la mkaa au la gesi, na kichupa kidogo cha kioo.

Neno kuhusu mita. Ile ndogo ya njano inayouzwa kila kona mara nyingi skeli yake ya chini kabisa ya AC ni volti 200. Kwa kazi hii haitakusaidia. Azima nyingine, utaihitaji mara moja tu.

Na neno kuhusu aisi, kwa kuwa hapa ndipo wale wa k mara nne wanapoangukia. Mtu anasoma kwamba NE5532 ina kelele ndogo kuliko TL072, nanovolti 5 kwa kila kipeuo cha pili cha hertz dhidi ya 18, anainunua kwa kujiamini. Kweli volti zake za kelele ni ndogo. Lakini aisi ina kelele nyingine, ya mkondo, na ya NE5532 ni takriban pikoampea 0.7. Mkondo huo ukipita kwenye kiloomu 100 unazaa nanovolti 70, wakati rezista yenyewe inatoa 41 tu. Unapima aisi, si rezista. TL072 ina transista za FET mlangoni, kelele yake ya mkondo ni takriban pikoampea 0.01, na kwenye kiloomu 100 inazaa nanovolti 1. Kwa rezista kubwa, TL072 inashinda waziwazi.

## Hatua ya 1: Andaa kopo

Toboa matundu mawili madogo upande mmoja wa kopo: moja la kebo ya kutokea, jingine la waya wa kipimo utakaoutumia hatua ya 8. Kwangua rangi kwenye mdomo wa kopo na kwenye ukingo wa kifuniko mpaka bati ling'ae, ili viguse chuma kwa chuma. Lehemu waya mfupi ndani ya kopo. Huo utaungwa na ethi ya sakiti, yaani pale betri mbili zinapokutana.

Sababu: kiloomu 100 iliyo wazi ni antena. Nyaya za ukutani, taa za LED, chaja za sola na redio za jirani zote huingia humo kwa urahisi. Kopo lililofungwa huzima sehemu kubwa ya hayo.

Usihangaike kuunga kopo na ardhi ya nje. Mji huu umejengwa juu ya mawe, na nyumba nyingi za milimani fimbo yake ya ethi imechomekwa kwenye udongo mwembamba juu ya granaiti, ambayo haipitishi umeme vizuri. Waya wa ethi wa namna hiyo huleta mvumo zaidi ya unaoondoa. Kopo, betri na laptopu isiyo kwenye chaja vinajitosheleza.

Umefaulu ikiwa: mita inasoma karibu omu sifuri kati ya kifuniko kilichofungwa na waya wa ndani.

## Hatua ya 2: Jenga kikuzaji

Sakiti ina hatua mbili ndani ya aisi moja.

Hatua ya kwanza haigeuzi mawimbi. Mguu wa 3 ndio mlango. Hapo ndipo rezista inayopimwa itakapokaa, mguu wake mwingine ukiwa kwenye ethi. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka kiloomu 100. Kutoka mguu wa 2 kwenda ethi weka kiloomu 1 ikifuatana na mikrofaradi 10. Ukuzaji ni mara 101.

Hatua ya pili inageuza. Kutoka mguu wa 1 pitia mikrofaradi 1 ya poliesta, kisha kiloomu 1, uingie mguu wa 6. Kati ya mguu wa 6 na wa 7 weka kiloomu 100. Mguu wa 5 uende moja kwa moja kwenye ethi. Ukuzaji ni mara 100, na kwa jumla ni mara 10,100.

Mwisho, kutoka mguu wa 7 pitia mikrofaradi 10, kisha kiloomu 10, uende kwenye waya wa kati wa kebo. Na kutoka waya huo wa kati weka kiloomu 1 kwenda ethi. Kigawanyo hiki kinapunguza mawimbi mara 11 ili tundu la maikrofoni la laptopu lisizidiwe. Kama laptopu yako ina tundu la laini (line in), usikiweke.

Umeme: mguu wa 8 upate chanya volti 9, mguu wa 4 hasi volti 9. Kila mmoja uwe na nanofaradi 100 kwenda ethi, karibu kabisa na aisi, na mikrofaradi 100 kando yake. Chunga ncha za hizo za mikrofaradi 100.

Sasa sababu, maana sakiti hii imepangwa hivi kwa makusudi.

Mikrofaradi 10 chini ya mguu wa 2, na mikrofaradi 1 kati ya hatua, zinazuia DC isikuzwe. Aisi yenyewe ina volti ya kosa ya milivolti kadhaa mlangoni. Ukiikuza mara 10,100 unapata makumi ya volti ambazo betri hazina, na mguu wa 7 unaganda kwenye volti 8 bila kutikisika.

Hatua ya pili inageuza mawimbi kwa sababu hatua mbili zisizogeuza ndani ya kopo dogo hupiga mluzi. Sehemu ndogo sana ya mawimbi ya mguu wa 7 huruka hewani hadi mguu wa 3. Ikifika ikiwa upande uleule, inakuzwa tena, inaruka tena, na sakiti inakuwa oscileta. Kwa ukuzaji huu, uhusiano wa hewani wa chini ya pikofaradi moja unatosha. Ukigeuza hatua moja, kinachorudi mlangoni hakisukumi tena mzunguko huo. Hata hivyo weka mlango upande mmoja wa veroboadi na kutokea upande wa pili.

Poliesta badala ya seramiki, kwa sababu kapasita nyingi za seramiki za thamani kubwa zinahisi mtikisiko: bodaboda ikipita nje, nayo itarekodiwa.

Kwa mlango, kata vipande viwili vya soketi ya aisi uvilehemu kwenye ubao. Utabadilisha rezista bila kulehemu kila mara. Ukimaliza, safisha ubao kwa spiriti, hasa kuzunguka mguu wa 3. Mabaki ya dawa ya kulehemu pamoja na unyevu wa ziwa hutengeneza njia ya kuvujia ambayo hukuiweka.

Onyo: usijaribu kutumia adapta ya ukutani "kwa muda tu, mpaka nipate betri". Hata iliyo nzuri italeta mvumo na kelele za kubadilisha umeme, na utatafuta kosa lisilokuwepo kwenye sakiti.

Umefaulu ikiwa: ukiwa umeunganisha mlango na ethi kwa kipande cha waya na kusubiri dakika moja, miguu ya 1 na 7 inasoma DC isiyozidi milivolti kumi na kitu kila mmoja. Ukiona volti 7 au 8, kuna kapasita iliyosahaulika au mguu usiogusa.

## Hatua ya 3: Inyamazishe laptopu

Hapa wanapotea hata mafundi wazoefu, kwa sababu kompyuta za leo zimefundishwa kufuta kile hasa tunachokitafuta. Kwenye mipangilio ya sauti, zima kila kinachoitwa kuboresha sauti, kupunguza kelele, kufuta mwangwi, na kujirekebisha kwa kiwango cha kurekodi. Vikiachwa, shhh yako itashushwa au kupandishwa bila wewe kujua, na kila rezista itaonekana sawa na nyingine. Simu nyingi hazikupi njia ya kuvizima, ndiyo maana tunarekodi kwa laptopu na simu tunaitumia kutoa toni tu.

Chomoa chaja. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Zima taa za LED zilizo juu ya meza. Umeme ukikatika mtaani, usinung'unike: huo ndio muda bora kabisa wa kazi hii, ilimradi jirani asiwashe jenereta.

Weka Audacity irekodi chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde. Kiwango cha kurekodi ukikipata kizuri, kiandike na usikiguse tena mpaka mwisho wa kazi yote. Ukikigusa, rudia hatua ya 4.

Umefaulu ikiwa: unarekodi toni ya simu, kisha unaipunguza nusu kwa volti, na kipimo cha RMS kinashuka kwa desibeli 6. Kikishuka kwa 2 au 3, bado kuna kitu kinajirekebisha ndani.

## Hatua ya 4: Linganisha kipimo

Ungeweza kupima ukuzaji, kisha kigawanyo, kisha tundu la laptopu, kimoja kimoja. Makosa yangejikusanya. Njia ya mkato iliyo sahihi zaidi ni kuingiza mlangoni volti ndogo unayoijua, na kuona laptopu inaiandika vipi.

1. Toa toni ya hertz 300 kwenye simu. Pima volti zake kwa mita kwenye waya wa spika za masikioni, na urekebishe sauti mpaka usome milivolti 300. Tunatumia hertz 300 kwa sababu mita nyingi za mkononi hazisomi vizuri masafa ya juu.
2. Badili toni iwe hertz 2,500 bila kugusa sauti ya simu. Simu hutoa kiwango kilekile kwenye masafa hayo mawili.
3. Ipitishe kwenye megaomu 1, kisha iingie mlangoni, huku omu 100 ikiwa kati ya mlango na ethi. Uwiano ni 1 kwa 10,001, kwa hiyo mlangoni zinafika mikrovolti 30.
4. Funga kopo kadiri waya unavyoruhusu, rekodi sekunde 30.
5. Kwenye Audacity, pitisha kichujio cha kukata chini ya hertz 1,000 na kingine cha kukata juu ya hertz 5,000, vyote kwa mteremko mkali zaidi uliopo, desibeli 48 kwa oktavu. Kisha soma RMS kwa desibeli. Iandike: hii ni L₀.

Tangu hapa, rekodi yoyote iliyochujwa vilevile na kusomeka L desibeli ina volti za mlangoni zifuatazo:

V = mikrovolti 30 × 10^((L − L₀)/20)

Vichujio vinafanya kazi mbili. Vinatupa hertz 50 na ndugu zake 100, 150 na wengineo, na vinakupa B unayoijua: 5,000 kutoa 1,000, yaani hertz 4,000. Anayesahau kuchuja huwa hana B, na asiye na B hana k.

Onyo: pima megaomu 1 na omu 100 zako kwa mita kabla ya kuzitumia. Kosa la asilimia 5 hapa linageuka kosa la asilimia 10 kwenye k, kwa sababu volti zinainuliwa kipeo cha pili.

## Hatua ya 5: Pima sifuri

Mchuuzi wa dagaa hupima ndoo tupu kwanza. Toa rezista zote mlangoni, weka kipande cha waya badala yake, funga kifuniko, subiri dakika moja, rekodi sekunde 30, chuja, soma.

Hapo unasikia kelele ya kikuzaji peke yake. Kwa TL072 ya nanovolti 18, pamoja na mchango mdogo wa kiloomu 1 iliyo kwenye mguu wa 2, tegemea takriban mikrovolti 1.2.

Kabla ya kuendelea, fungua spektra, yaani grafu ya ukubwa wa sauti kwa kila masafa, ya rekodi ambayo haijachujwa. Unataka kuona mstari ulio karibu tambarare kati ya hertz 1,000 na 5,000. Mlima mrefu kwenye 50 unavumilika, maana uko nje ya bendi. Lakini miiba mikali iliyopangana ndani ya bendi ni chaja ya sola, taa ya LED au kifuniko kisichogusa. Kitafute na ukizime. Namba ya RMS peke yake haiwezi kukuonyesha uchafu huo, kwa hiyo usiruke spektra.

Umefaulu ikiwa: rekodi tatu mfululizo zinatofautiana kwa chini ya asilimia 1 au 2. Kelele ni ya kubahatisha, kwa hiyo kipimo kifupi huyumba: kwa bendi ya hertz 4,000, sekunde moja inayumba kwa karibu asilimia 0.8, na sekunde 30 kwa karibu 0.14. Ikiyumba zaidi ya hapo, kuna mgeni.

## Hatua ya 6: Pima rezista nne

Weka kiloomu 10, kisha 47, kisha 100, kisha 220. Kila moja: funga kifuniko, subiri, rekodi sekunde 30, chuja, soma. Shika rezista kwa koleo, si vidole. Kwenye nyuzi 27 utakayoyaona yakaribiane na haya:

- Waya mtupu: mikrovolti 1.16, kipeo cha pili 1.35
- Kiloomu 10: mikrovolti 1.42, kipeo cha pili 2.0
- Kiloomu 47: mikrovolti 2.11, kipeo cha pili 4.5
- Kiloomu 100: mikrovolti 2.82, kipeo cha pili 8.0
- Kiloomu 220: mikrovolti 3.99, kipeo cha pili 15.9

Mstari wako wa kwanza ukiwa tofauti kidogo, usihofu, aisi hazifanani. Kinachotakiwa kufanana ni ongezeko.

Kelele mbili zisizohusiana hazijumlishwi kwa volti. Hujumlishwa kwa vipeo vya pili. Ukitoa 2.82 kasoro 1.16 unapata 1.66, namba isiyo na maana yoyote. Toa 8.0 kasoro 1.35, upate 6.6, kisha tafuta kipeuo chake cha pili: 2.6. Ndiyo ile tuliyoitabiri mwanzoni.

Mtu atauliza kwa nini tusiweke megaomu 1 tupate shhh kubwa zaidi. Mlango wa aisi na waya wake una kapasitansi ya pikofaradi kama 20. Ikishirikiana na megaomu 1 inaanza kukata masafa kwenye hertz 8,000 hivi, na athari inaingia ndani ya bendi yetu. Kelele itaonekana ndogo kuliko fomula. Kwa kiloomu 220 athari hiyo ni ya asilimia moja au mbili tu, hata kwenye ukingo wa bendi.

## Hatua ya 7: Kokotoa k

Chora grafu kwenye karatasi ya miraba: R kwenye mstari wa chini, V² wima. Nukta tano zikae kwenye mstari mnyoofu ambao hauanzii sifuri, kwa kuwa ndoo nayo ina uzito wake. Huhitaji kutoa chochote. Mteremko wa mstari ndio unaobeba jibu.

Mteremko wa mfano wetu ni mikrovolti za kipeo cha pili 6.63 kwa kiloomu 100, yaani 6.63 × 10⁻¹⁷ kwa kila omu. Gawanya kwa 4TB:

k = 6.63 × 10⁻¹⁷ ÷ (4 × 300 × 4,000) = 1.38 × 10⁻²³

Tumia joto halisi la chumba chako. Nyumba ya bati Igoma saa nane mchana na chumba chenye upepo wa ziwa asubuhi havilingani, ingawa kwa kelvini tofauti ya nyuzi 6 ni asilimia 2 tu.

Umefaulu ikiwa: k yako iko kati ya 1.25 na 1.5. Kwa vifaa vya kopo na simu, hayo ni matokeo ya kuonyesha watu.

## Hatua ya 8: Barafu na maji yanayochemka

Hatua ya 7 imethibitisha R. Mtu mbishi bado anaweza kusema kwamba unapima kitu kingine kinachokua na ukinzani. Joto ndilo linalomnyamazisha.

Lehemu kiloomu 100 kwenye kipande cha kebo ya wavu cha sentimita 20, iingize kwenye kichupa kikavu cha kioo, ziba mdomo kwa plasta isiyopitisha maji. Ncha nyingine ipite kwenye tundu la kopo hadi mlangoni, wavu ukiungwa na ethi. Zungushia kichupa karatasi ya alumini iliyogusana na wavu huo, vinginevyo umetoa antena nje ya ngome. Kipimo cha chumbani kirudie ukiwa na kebo hii, usitumie cha hatua ya 6, kwa sababu kebo imeongeza kapasitansi.

Barafu ponda, changanya na maji kidogo, tumbukiza kichupa, subiri robo saa: hiyo ni kelvini 273. Barafu ya mwaloni, ile wanayopakia sangara, inafaa kabisa, bora isiwe imeguswa na chumvi, maana chumvi huishusha chini ya sifuri.

Kisha maji ya moto. Ziwa liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Andika kelvini 369. Tumia mkaa au gesi. Jiko la umeme litakuletea hertz 50 mpaka ndani ya kichupa. Kopo likae mbali na mvuke.

Tegemea V² ya jumla ya takriban 7.4 kwenye barafu, 8.0 chumbani, na 9.5 kwenye maji yanayochemka, ikipungua kidogo kwa sababu ya kebo. Kwa volti, tofauti kati ya barafu na moto ni asilimia 13 hivi: ndogo, ila sekunde 30 za kurekodi zinaiona bila shida. Pima pia ukinzani wenyewe kwenye kila joto. Rezista ya filamu ya metali haibadiliki sana. Ya kaboni inaweza kupoteza asilimia kadhaa ikipashwa, na ikakuibia sehemu ya ongezeko.

## Ukikwama, soma dalili

Nukta hazinyooki, zinapinda kwenda juu. Kelele ya mkondo ya aisi. V² yake hukua kwa kipeo cha pili cha R, wakati ya rezista hukua na R tu. Soma maandishi ya juu ya aisi kwa makini. Kwa NE5532, kiloomu 100 hutoa k ya karibu 5.5 × 10⁻²³.

Zinapinda kwenda chini kwenye rezista kubwa. Kapasitansi mlangoni. Fupisha waya.

Rezista zote zinatoa namba moja. Laptopu inajirekebisha, au mlango haugusi na unapima kikuzaji peke yake.

Toni moja nyembamba kwenye spektra inayohama ukisogeza mkono. Sakiti inapiga mluzi. Tenganisha mlango na kutokea, na uangalie nanofaradi 100 kama kweli ziko karibu na aisi.

Milio ya tatatata inayokuja na kuondoka. Simu ya mtu aliyekaa karibu nawe. Mwombe aihamishe nje, au asubiri sekunde 30.

Kila kitu kilikuwa sawa jana, leo k imeshuka. Pima betri. Zikishuka chini ya volti 7 kila moja, badilisha, kisha rudia hatua ya 4 kabla ya kugusa rezista yoyote.